Njia za mkato za kutafuta kwa vichupo

Maktaba Kuu ya Birmingham, iliyofunguliwa na Malala Yousafzai mwezi Septemba mwaka 2013, ni mojawapo ya mahali ambapo mkazi wa mji huo asiye na kompyuta nyumbani anaweza kutumia ya umma. Kwa wahamiaji, wakiwemo wa kutoka Afrika Mashariki, haja hiyo ni kubwa. Kadi nyingi za ukaazi nchini Uingereza ziliisha muda wake tarehe 31 Desemba 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na viza ya kielektroniki, ambayo haishikiki mkononi.

Kompyuta ya umma, hata hivyo, huwa na muda wake, na nyuma yako huenda mwingine anasubiri. Hapo ndipo vichupo, yaani kurasa kadhaa zilizopangwa ndani ya dirisha moja la kivinjari, vinapofaa. Vilienea pamoja na Firefox mwaka 2004, na Internet Explorer ikavipokea mwaka 2006.

Ukibonyeza Ctrl na T, kichupo kipya hufunguka na unaweza kuandika unachotafuta papo hapo. Ikiwa tayari uko kwenye ukurasa usiotaka kuupoteza, Ctrl na L hukupeleka kwenye kisanduku cha anwani. Andika swali lako, kisha bonyeza Alt na Enter, na majibu yatatokea katika kichupo kingine. Wanaotumia kompyuta za Apple hubonyeza Command badala ya Ctrl katika nyingi ya njia hizi.

Majibu yakishatokea, usifungue moja na kurudi nyuma kila mara. Shikilia Ctrl huku ukibofya viungo vitatu au vinne. Kila kimoja kitafunguka pembeni. Ctrl na Tab hukuhamisha kutoka kimoja hadi kingine, na Ctrl na F hutafuta neno ndani ya ukurasa mrefu. Vichupo vikizidi hata majina yasisomeke, katika Chrome bonyeza Ctrl, Shift na A, uandike neno la ukurasa unaoutaka.

Lakini kasi bila uangalifu ni hatari. Majibu ya kwanza mara nyingi ni matangazo ya biashara, na zipo tovuti zinazotoza fedha kwa huduma ambayo serikali huitoa bure. Ongeza site:gov.uk mwishoni mwa swali, nawe utaletewa kurasa za serikali ya Uingereza pekee. Kwa Kenya tumia site:go.ke, na kwa Tanzania site:go.tz.

Njia ya mkato iliyo na faida kubwa kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi, ni Ctrl, Shift na T: hurudisha kichupo ulichokifunga kwa bahati mbaya. Ila kwenye kompyuta ya umma atakayeketi baada yako anaweza kuitumia pia, na kama hukutoka kwenye akaunti yako, ataikuta wazi. Ni afadhali kuanza na dirisha la faragha, kwa Ctrl, Shift na N katika Chrome na Edge, au Ctrl, Shift na P katika Firefox, na kulifunga kabla ya kuondoka. Dirisha hilo halikufichi kwa mwenye mtandao, na faili ulizopakua hubaki kwenye kompyuta hadi uzifute mwenyewe.