SHA: Sheria ni Moja, Kanuni ni Nyingine

Leo hatuzungumzii surua wala lishe. Tunazungumzia karatasi, kwa sababu ndizo zinazoamua kama bili ya kujifungua italipwa na SHA au itakungoja wewe.

Swali ninaloulizwa sana kliniki hapa Yamumbi ni hili: "Sista, mtoto wa kwanza sikulipa chochote. Kwa nini huyu wa pili naambiwa nilipe SHA?" Ni kweli, hakulipa. Tangu Juni 2013 kujifungua katika hospitali za umma kulikuwa bila malipo, na baadaye mpango huo ukawekwa chini ya NHIF kwa jina la Linda Mama. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka na SHA ikaingia. Huduma ya uzazi ikawekwa ndani ya bima ya nyumba nzima. Kwa hivyo SHA italipia uzazi wako ikiwa mchango wa nyumba yako umelipwa.

Nani aliamua hivyo? Hapa kuna vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Kwanza kuna sheria, iliyopitishwa na Bunge na kutiwa sahihi na Rais Oktoba 2023. Hiyo inasema kila Mkenya ajiandikishe na achangie. Kisha kuna kanuni, zilizoandikwa na Wizara ya Afya na kutolewa mwaka 2024, zinazosema ni shilingi ngapi na zilipwe lini. Fikiria chama chenu cha akina mama. Mkutano unakubali kutakuwa na mchango wa mazishi, halafu kamati inakaa kuandika kiasi na siku ya kutoa. Nyote mnajua ugomvi huanzia wapi.

Kanuni zinasema hivi. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Wa shilingi 20,000 anakatwa 550. Wa 10,000 angekatwa 275, lakini kiwango cha chini ni 300, kwa hivyo anatoa 300. Asiye na mshahara, kama mkulima, mama mboga au mfua nguo, anaulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake ili uwezo wake upimwe, kisha anaambiwa kiasi chake. Hata akiwa wa kiwango cha chini kabisa, anatakiwa kulipa mwaka mzima pamoja: 300 mara 12, yaani shilingi 3,600.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mama anajiandikisha kwa kupiga *147#, anapata ujumbe kwenye simu, na anadhani amemaliza. Mama, kujiandikisha si kulipa! Kujiandikisha kunatosha kutibiwa na kurudi nyumbani katika zahanati au kituo cha afya cha umma, kwa sababu huko kuna mfuko mwingine wa serikali unaolipa. Lakini kulazwa, kujifungua na kupasuliwa vinataka mchango uliolipwa. Katika viwango vilivyotangazwa 2024, SHA hulipa hospitali 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ukiwa hujalipa mchango, pesa kama hizo, au zaidi, zitatafutwa nyumbani kwako.

Basi usingoje mwezi wa nane. Siku ya kliniki ya kwanza, anza kuweka 3,600 yako au kiasi ulichoambiwa. Mzee wa nyumba naye asikie kipindi hiki. Ikiwa ndiye mwenye akaunti, hakikisha jina lako na ya watoto yameingizwa, kwa maana nimeona mume amelipa na mke hayumo. Mwaka 2025 serikali ilileta pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Uliza masharti yake kabla ya kukubali. Ukihitaji msaada, nenda Huduma Centre mjini Eldoret na kitambulisho chako.

Mimi naona kulipa mwaka mzima mara moja ni mzigo kwa mtu anayepata pesa kwa siku. Kama nawe unaona hivyo, una haki ya kusema. Julai 2024 Mahakama Kuu ilikataa sheria hizi za afya kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo Septemba, ndipo SHA ikaanza. Tena kuna sheria ya mwaka 2013 inayoitaka wizara isikize wanaoguswa kabla ya kuandika kanuni, na kuzipeleka Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Bunge linaweza kuzifuta. Kwa hivyo ukisikia kwa chifu kwamba maoni kuhusu SHA yanakusanywa, enda, hata na mtoto mgongoni.

Jambo la mwisho. Ukitokwa na damu nyingi, ukipatwa na degedege, ukiumwa sana na kichwa huku macho yakiona giza, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usikae nyumbani kwa sababu hujalipa. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Panda pikipiki uje, usiku au mchana. Mambo ya SHA tutayaangalia baadaye.

Wiki ijayo: kuhara kwa watoto.