Je, Wajua? Ukungu wa Miwani Mlima Kenya Hutokana na Pumzi Yako

Wapandaji wengi wanaotoka Nanyuki kupitia lango la Sirimon hufika kilele cha Point Lenana, mita 4,985, alfajiri, baridi ikiwa kali mno. Pumzi na jasho lenye joto vikikutana na lenzi baridi ya miwani, mvuke hugeuka matone madogo: huo ndio ukungu.

Usipandishe miwani kwenye paji lenye jasho, wala usiingize skafu chini yake. Acha matundu ya hewa ya miwani wazi. Lenzi ikilowa ndani, usiisugue. Ikaushe taratibu kwa kitambaa laini. Jua likichomoza, usibaki bila miwani: theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, nayo huunguza macho.