Dawa ya meno na mswaki: tununue nini kwa pesa kidogo?



Mwezi huu tuzungumze juu ya meno. Wengine watacheka na kusema, mgao wenyewe hautoshi, nani atawaza meno? Ni kweli. Mgao wa wakimbizi hapa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020, na baadaye ukapunguzwa tena. Mama akishika pesa yake anawaza unga, maharage, sabuni na madaftari ya watoto. Lakini jino lililooza halingoji mgao. Mtoto aliyelia usiku kucha hawezi kusoma kesho yake, na baba mwenye shavu lililovimba hashiki jembe. Tena hiyo pesa kidogo tunayotenga kwa meno, mara nyingi inapotelea kwenye vitu visivyosaidia. Kwa hiyo tuangalie dukani ni kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha.

Tuanze na dawa ya meno. Neno la kutafuta kwenye boksi au kwenye tyubu ni moja tu: FLUORIDE. Zile zinazotoka nchi za Kifaransa zinaandikwa FLUOR. Kwa Kiswahili tunasema floraidi. Ukishakula kitu chenye sukari, vijidudu vya mdomoni nao wanakula, halafu wanatoa asidi inayolainisha ganda gumu la jino. Ikitokea hivyo kila siku, tundu linaanza. Floraidi inalitengeneza lile ganda kabla tundu halijafunguka, na inalifanya liwe gumu zaidi mbele ya asidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, ile orodha yenye dawa za malaria na za kifua kikuu. Kwa hiyo siyo urembo.

Angalia pia namba. Karibu na neno hilo huwa kunaandikwa kiasi, na baada ya namba kuna herufi ppm. Namba nzuri ni kati ya 1000 na 1500. Ukiikuta, tyubu ya bei ya chini inalinda meno sawa na ile ya bei kubwa. Rangi tatu, ladha ya mnanaa, picha ya msichana anayecheka, hayo yote unalipia boksi. Ukikuta imeandikwa dawa ya mitishamba, isome vizuri, kwa sababu nyingine hazina floraidi hata kidogo. Wako wanaosema kile kimstari cha rangi chini ya tyubu kinaonyesha kama dawa ni ya asili au ya kemikali. Hapana. Ni alama ya kiwandani tu, inayoionyesha mashine mahali pa kukata.

Tazama tarehe ya mwisho, yaani EXP, na hakikisha mdomo wa tyubu haujafunguliwa. Tyubu isiyo na jina la kiwanda, au yenye maandishi yaliyofutika, iache hata kama muuzaji anapunguza bei. Mwaka 2007 huko Panama na Marekani ilikutwa dawa ya meno iliyochanganywa na diethylene glycol, kemikali ya viwandani yenye sumu. Tyubu nyingine zilikuwa za bandia, zimeandikwa jina la kampuni inayojulikana.

Sasa kiasi. Kwenye matangazo wanajaza mswaki kutoka mwanzo hadi mwisho, ili uimalize haraka ukanunue nyingine! Mtu mzima, na mtoto kuanzia miaka 3, inatosha kama punje ya njegere. Chini ya miaka 3, weka kama punje ya mchele. Punje ya njegere ni kama robo gramu. Watu 6 wakisugua mara mbili kwa siku wanatumia gramu 3, yaani tyubu ya gramu 100 inafika mwezi mzima. Ukimaliza kusugua, tema povu, lakini usisukutue kwa maji mengi, maana maji yanaiondoa floraidi kabla haijafanya kazi. Kwa sisi tunaopanga foleni bombani hiyo nayo ni habari njema. Jambo la muhimu kuliko yote ni kusugua usiku kabla ya kulala, dakika 2, halafu usile tena.

Watoto wanapenda utamu wake na wanailamba. Msiwaachie tyubu mkononi. Mtoto mdogo akimeza floraidi nyingi kwa miaka, meno ya ukubwani yanaweza kutoka na madoa. Mzazi amwekee mwenyewe na amsugulie mwenyewe, hadi afike kama miaka 7. Mkono wa mtoto wa miaka 4 haufiki nyuma, hata akijisifu kwamba amemaliza.

Kwa mtoto mchanga, futa ufizi kwa kitambaa safi chenye maji, na jino la kwanza likitoka anza mswaki mdogo. Na hapa tuseme wazi juu ya kile wanachokiita hapa Uganda ebino. Tanzania wanasema meno ya plastiki au meno ya nailoni. Mtoto anaharisha au ana homa, jirani anafunua mdomo, anaona ufizi mweupe umevimba, anasema ni meno ya uongo yang'olewe. Yule anayelipwa kuyang'oa anachimba kwa spoku ya baiskeli au kisu. Kile anachokitoa ni jino halisi la mtoto, bado changa. Watoto wamekufa kwa kutoka damu na kwa maambukizi yaliyoingia pale kwenye kidonda, na kuharisha kwenyewe hakukutibiwa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na apelekwe kituo cha afya. Pesa ya mng'oaji inunue mswaki.

Mswaki wenyewe, ambao wengi wetu kutoka Kongo tunauita brosi, uwe laini. Kwenye pakiti utaona SOFT, au kwa Kifaransa SOUPLE. Ule mgumu, HARD, wazee wanaupenda kwa sababu wanasikia kazi inafanyika, lakini unachuna ufizi na kulaza shingo la jino wazi, ndipo maji baridi yanaanza kuuma. Kichwa kiwe kidogo ili kifike nyuma. Badilisha baada ya miezi 3 au nywele zake zikilala. Kila mtu awe na wake! Ufizi ukitoka damu, damu hiyo inabaki kwenye mswaki, na hepataitisi B inaweza kupita hapo. Familia kubwa wanaweza kufunga nyuzi za rangi tofauti kwenye mipini. Usimamishe kwenye kikombe ukauke, usiufungie ndani ya kavera, kwa sababu unyevu unafuga vijidudu.

Na kama pesa ya mswaki haipo kabisa? Majirani zetu Wasomali wanatumia kijiti wanachokiita caday, na hawakosei. Mwaka 1986 WHO yenyewe ilihimiza kijiti cha mswaki kitumike pale ambapo watu wana desturi hiyo. Chukua kijiti kibichi cha mti unaojulikana kwa kazi hiyo, siyo mti wowote wa porini. Tafuna ncha hadi iwe kama brashi, sugua taratibu kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye jino, usisahau upande wa ndani, na kata ncha mpya kila siku. Kasoro yake ni kwamba hakikupi floraidi ya kutosha. Ukipata dawa kidogo, ipake kwenye ncha.

Mkaa, majivu na mchanga tuviache. Ni kweli meno yanaonekana meupe siku hiyo, lakini ni kama kusugua sufuria kwa mchanga: inang'aa huku inaliwa. Dawa za kusukutua zinazouzwa kwenye chupa siyo lazima, na nyingine zina pombe, msiwape watoto. Chumvi ina kazi yake, lakini siyo ya kusugulia. Nusu kijiko cha chai ndani ya kikombe cha maji ya vuguvugu, sukutua na uteme, inatuliza ufizi unaouma.

Wengi wakiona damu wanaacha kusugua pale, wakifikiri mswaki umewaumiza. Kumbe mara nyingi damu inatoka kwa sababu uchafu umekaa kwenye mpaka wa jino na ufizi. Endelea kusugua hapo hapo, polepole, kwa mswaki laini, na kwa kawaida damu inapungua ndani ya wiki 2. Wamama wenye mimba wanatokwa damu kwa urahisi zaidi, nao wasiache. Ikipita wiki 2 na haijapungua, au meno yanacheza, nenda kituo cha afya.

Jino likiuma, usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kinaunguza nyama. Meza dawa ya maumivu kwa kipimo chake, na mtoto asipewe aspirini, apewe parasetamoli. Dawa hiyo ni ya kupitisha usiku tu, tundu bado lipo, kwa hiyo nenda likaangaliwe. Lakini uvimbe ukianza kushuka shingoni, au mgonjwa akishindwa kumeza au kufungua mdomo, msingoje asubuhi. Mpelekeni usiku huo huo.