Povu la Mtini na Amana Iliyomo Ndani Yake

Masika yaingiapo pwani yetu, huenda mama akaona povu jeupe, kubwa kama ngumi au zaidi, likining'inia tawini juu ya kidimbwi. Lisidhaniwe kuwa ni uchafu, wala watoto wasilipige fimbo. Hiyo ni nyumba ya uzazi ya chura wa mtini.

Jike hutoa ute, akaupiga kwa miguu ya nyuma mpaka ukafura povu, na humo hutaga mamia ya mayai. Povu hukauka nje likawa gamba, ndani likabaki na unyevu. Baada ya siku 5 hivi hulainika, viluwiluwi wakadondoka majini, wakapumua kama samaki. Kisha miguu huota, mapafu hukamilika, mkia hutoweka. Wa majini akawa wa nchi kavu, mla wadudu.

Amwagaye mafuta ya taa kidimbwini kwa kuchukia mbu huangamiza na viluwiluwi hao. Na Mtume (s.a.w.) alikataza kuua chura, hata kwa ajili ya dawa. Basi, enyi wazazi, mitungi na mapipa ya nyumbani yafunikwe, na povu la mtini liachwe salama.