Siku moja Paris: uende kasri lipi?

Mfanyabiashara wa kahawa, chai, parachichi au korosho anayefika Paris kwa maonyesho ya vyakula ya SIAL hurudi nyumbani na kadi za wanunuzi mfuko mzima. Mji wenyewe huwa ameuona kupitia dirisha la treni tu. Maonyesho hayo hufanyika Oktoba, kila baada ya miaka miwili, katika viwanja vya Villepinte kaskazini mwa jiji. Wengi hubakiza siku moja kabla ya ndege ya kurudi, nao huuliza waitumie vipi.

Ukiuliza mapokezi ya hoteli utapewa jibu moja: nenda Versailles. Jibu hilo si baya, ila halimfai kila mtu wala kila siku ya wiki. Kuzunguka Paris yapo makasri mengi ambayo unaweza kuyafikia asubuhi na kurudi jioni. Kila moja lina bei yake, njia yake na habari yake, na baadhi ya habari hizo zinamgusa mtu wa biashara kuliko anavyodhani.

Hesabu kabla ya tiketi

Mtu anayevusha mzigo Namanga, Busia au Rusumo anajua kwamba bei ya kiwandani si bei ya mzigo ukifika ghalani. Kuna usafiri, ushuru, kupakua na muda uliopotea kwenye foleni. Safari ya kasri nayo ihesabiwe hivyo hivyo. Chukua kiingilio, ongeza nauli ya kwenda na kurudi, basi au teksi ya kutoka stesheni hadi getini, chakula cha mchana, halafu hesabu saa utakazokaa njiani. Kasri la kiingilio nafuu lililo mbali na stesheni linaweza kukugharimu kuliko lile la bei kubwa lililo karibu.

Kwa upande wa nauli, mambo yamekuwa mepesi. Tangu Januari 2025, mkoa wa Île-de-France unaozunguka Paris una nauli moja kwa safari ya treni, RER au metro, uwe unakwenda karibu au mbali, isipokuwa safari za viwanja vya ndege. Basi lina tiketi yake peke yake. Kwa hiyo Versailles, Melun na Fontainebleau zote ni nauli ileile. Chantilly iko nje ya mkoa huo, na tiketi yake hununuliwa kwa bei nyingine.

Kwa upande wa kiingilio, jiandae kwa jambo tunalolifahamu kutoka kwenye mbuga zetu za wanyama: bei ya mwenyeji na bei ya mgeni. Tangu Januari 2026 baadhi ya maeneo ya serikali ya Ufaransa, Versailles likiwemo, humtoza zaidi mgeni asiyetoka katika eneo la uchumi la Ulaya. Tazama bei kwenye tovuti ya kasri lenyewe kabla ya kutoka hotelini, wala usinunue kwa wapiga debe wa barabarani.

Versailles: chumba kilichogawa mipaka yetu

Versailles liko kilomita 20 hivi kusini magharibi mwa Paris. Panda RER mstari C hadi kituo cha Versailles Château Rive Gauche, kisha tembea kama dakika 10. Jumatatu kasri hufungwa. Jumanne hujaa watu, maana majumba mengine kadhaa hufungwa siku hiyo na watalii wote huelekea huku. Tiketi huwa na saa ya kuingia. Ukichelewa, umejiharibia siku.

Jumba lilianza mwaka 1623 kama nyumba ya mapumziko ya mfalme Louis wa 13 alipokwenda kuwinda. Mwanawe, Louis wa 14, aliligeuza kuwa kasri la vyumba zaidi ya 2,000, na mwaka 1682 akahamishia huko serikali nzima. Sehemu inayovuta watu zaidi ni Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa mita 73 na vioo 357.

Ndani ya ukumbi huo, tarehe 28 Juni 1919, ulitiwa saini mkataba uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa kifungu cha 119, Ujerumani iliachia makoloni yake yote ya ng'ambo. Koloni lake la Afrika Mashariki lilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi. Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza, Rwanda na Burundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, na kipande cha Kionga kusini mwa mto Ruvuma kikapewa Ureno. Sehemu ya mashariki ya Rwanda, Gisaka, ilitengewa kwanza Uingereza iliyotaka njia ya reli, kisha ikarudishwa Rwanda miaka michache baadaye.

Hakuna mtu wa Ngara, Kibungo wala Muyinga aliyeulizwa. Hata hivyo mstari unaomsimamisha dereva wa lori Rusumo au Kobero leo, akiwa na makaratasi ya nchi mbili mkononi, ulipata uzito wake kutokana na maamuzi ya kipindi kile. Vituo vya pamoja vya forodha tunavyovisifu sasa vinapunguza kazi iliyoanzia kwenye ukumbi ule wa vioo. Kwa msomaji wa ukanda huu, hiyo ni sababu kubwa ya kwenda Versailles kuliko dhahabu ya milangoni.

Kuna sababu ya pili. Oktoba 5, 1789, wanawake wa masoko ya Paris, wauza samaki wakiwa miongoni mwao, walitembea kwa miguu hadi Versailles kwenye mvua kudai mkate, kwa sababu bei ilikuwa imepanda na unga umeadimika. Siku iliyofuata waliondoka na mfalme na familia yake kuelekea Paris. Hakurudi tena kuishi katika kasri lile. Ukisimama uani, kumbuka kwamba walioutoa ufalme mahali hapo walikuwa watu wa sokoni.

Versailles linataka siku nzima. Majumba madogo ya Trianon yaliyo mwisho wa bustani hufunguliwa saa 6 mchana, kwa hiyo anza na kasri kubwa asubuhi. Bustani huwa bure, isipokuwa siku za chemchemi na muziki.

Vaux-le-Vicomte: kasri lililomfunga mwenyewe

Kilomita 50 na ushei kusini mashariki, karibu na mji wa Melun, lipo kasri dogo kuliko Versailles na, kwa macho ya wengi, zuri kulishinda. Lilijengwa na Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha za mfalme. Alikusanya mafundi watatu bora wa zama zake: Louis Le Vau wa majengo, Charles Le Brun wa michoro na André Le Nôtre wa bustani.

Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet alimwalika Louis wa 14 kwenye karamu ya chakula, mchezo wa kuigiza na fataki. Mfalme kijana alitazama, akala, akajiuliza pesa hizo zimetoka wapi. Mnamo Septemba 5, kabla wiki tatu hazijatimia, Fouquet alikamatwa. Alikufa kifungoni mwaka 1680. Mafundi wake watatu walichukuliwa na mfalme kwenda kufanya kazi Versailles, na hata michungwa ya bustani ikahamishwa.

Habari za kasri haziishii hapo. Mwaka 1875, likiwa limechakaa, liliuzwa kwa mnada. Aliyelinunua hakuwa mtoto wa mfalme bali mfanyabiashara wa kiwanda cha sukari, Alfred Sommier, aliyetumia mali yake kulifufua pamoja na bustani. Kizazi chake bado kinalimiliki, na tangu 1968 liko wazi kwa umma. Kiingilio ndicho kinachosaidia kuezeka paa.

Kwa kuwa ni mali ya watu binafsi, kasri hufungwa sehemu kubwa ya majira ya baridi, na ratiba yake si ya kila siku. Treni hutoka Gare de Lyon hadi Melun, lakini kutoka hapo utahitaji usafiri mwingine, kama teksi. Wakiwa watatu au wanne wakachangia teksi, safari hulipa. Ukiwa peke yako, piga hesabu mara mbili. Jumamosi za majira ya joto kasri huwashwa mishumaa jioni, ila siku hizo hakikisha kwanza una njia ya kurudi usiku.

Fontainebleau: nafuu na bila msongamano

Ukiwa na bajeti ndogo na hupendi foleni, Fontainebleau ndiyo chaguo la busara. Treni ya mstari R kutoka Gare de Lyon huchukua kama dakika 40 hadi stesheni ya Fontainebleau-Avon, na basi la mjini hukufikisha kasri. Jumanne hufungwa. Nyua na bustani ni bure, kwa hiyo hata asiyelipa kiingilio hupata cha kuona.

Kasri lina vyumba zaidi ya 1,500 na wafalme waliishi humo kwa karne nyingi. Ndani kimo chumba cha kiti cha enzi cha Napoleon. Nje kuna ngazi yenye umbo la kwato ya farasi, na mbele yake Napoleon aliwaaga askari wake Aprili 20, 1814, baada ya kujiuzulu. Ukimaliza mapema, msitu mkubwa uko karibu kwa matembezi.

Chantilly: samaki waliochelewa

Anayefikia upande wa kaskazini, karibu na Gare du Nord, ana njia fupi zaidi kwenda Chantilly. Treni ya mkoa huchukua kama dakika 25. Kutoka stesheni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, kupitia uwanja wa mbio za farasi na mazizi makubwa yaliyojengwa kama kasri jingine. Ndani kuna mkusanyiko wa michoro ya zamani, ikiwemo kazi za Raphael, ambao mwenyewe, mwana wa mfalme wa Aumale, aliuachia Taasisi ya Ufaransa kwa sharti kwamba usiazimishwe nje.

Hapa ndipo penye kisa ambacho mtu yeyote wa minyororo ya baridi atakielewa. Aprili 1671 mwenye kasri alimkaribisha Louis wa 14 na mamia ya wageni. Msimamizi wa karamu, Vatel, aliyewahi kumtumikia Fouquet, alikuwa ameagiza samaki kutoka bandari mbalimbali. Alfajiri ilipofika samaki hawakuonekana isipokuwa kidogo tu. Vatel aliona ameaibika, akajiua kwa upanga wake. Muda mfupi baadaye mzigo ukaanza kuwasili.

Ukirudi Gare du Nord, shuka metro mstari wa 4, vituo viwili tu, hadi Château Rouge. Jina hilo maana yake ni Kasri Jekundu, ingawa jumba lenyewe halipo tena. Kilichopo ni soko kubwa la vyakula vya Kiafrika: ndizi za kupika, kisamvu, samaki wakavu. Mwenye bidhaa za kuuza atajifunza hapo bei za rejareja ambazo hazisemwi kwenye vibanda vya maonyesho.

Kama una nusu siku

Ndege ikiwa jioni, usihatarishe. Panda metro mstari wa 1 hadi kituo cha mwisho, Château de Vincennes. Ukitoka ardhini unaikuta ngome ya kweli, yenye handaki na mnara wa karne ya 14 wenye urefu wa takriban mita 50. Ilikuwa makao ya wafalme, kisha gereza. Mwandishi Diderot alifungwa humo mwaka 1749. Saa mbili zinatosha.

Usidanganywe na picha za Chambord. Ni kasri la ajabu, lililoanza kujengwa 1519, na ngazi zake mbili hupanda zikizungukana bila watu kukutana. Lakini liko zaidi ya kilomita 150 kutoka Paris, na baada ya treni ya Blois bado kuna basi ambalo halipatikani mwaka mzima. Hiyo ni safari ya kulala.

Uamuzi

Jumatatu, achana na Versailles, nenda Fontainebleau. Jumanne, Versailles limefunguliwa lakini limejaa. Fontainebleau limefungwa, na Chantilly nalo huwa na kawaida ya kufunga siku hiyo, basi Vincennes itakufaa. Mko kundi na jua linawaka, changieni teksi ya Vaux-le-Vicomte. Umefikia kaskazini na unataka pia kupima soko, chukua Chantilly na Château Rouge.

Ikiwa hujawahi kufika Ufaransa na siku ni Jumatano, Alhamisi au Ijumaa, lipa bei ya mgeni uende Versailles. Nunua tiketi ya saa ya kwanza asubuhi, pita vyumba vya mbele bila kukawia, ukasimame katika Ukumbi wa Vioo kabla makundi hayajafika. Stakabadhi tunazogongewa mihuri mpakani zina asili yake humo, na anayezilipia ana haki ya kupaona.