Kisu cha Kukunja (4): Mabapa Mangapi Yanatosha?

Tangu Victorinox ya Uswisi itangaze, Mei 2024, kwamba inaandaa zana za mfukoni zisizo na bapa lolote, kuna wanaoniuliza kama kisu cha kukunja kimefika mwisho wake. Hakijafika. Kampuni inakwepa tu sheria za kubeba visu, ambazo baadhi ya nchi zinazikaza.

Mara iliyopita tuliachia kwenye kinoo na kutu. Leo ni springi, roho ya kisu chenye mabapa mengi. Mwaka 1891 Karl Elsener wa Ibach, mwanzilishi wa Victorinox, alianza kulipatia jeshi la Uswisi kisu chenye vitu vinne: bapa, msharasi, kifungua makopo, na bisibisi ya kufungulia bunduki ya Schmidt-Rubin. Viwanda vya Solingen, Ujerumani, vikakitengeneza kwa bei ya chini, nusura afilisike. Mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa: vifaa sita juu ya springi mbili tu, kwani kila springi ilishika vifaa vya pande zote mbili. Ustadi wake ulikuwa kupunguza vyuma, jambo ambalo waigaji hawajalielewa hadi leo.

Solingen hiyo hiyo ndiko Okapi, chapa ya visu vya kukunja, ilikoanzia mwaka 1902, kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika. Jina ni la mnyama wetu wa msitu wa Ituri, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1901 tu! Bapa moja, mpini wa mbao wenye miezi na nyota, na pete mgongoni ya kulegeza kitasa. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Hapo ndipo panaponiuma. Mnyama ni wa Kongo, kisu ni cha wengine, na wahunzi wetu tunawaletea majembe yaliyopinda tu.

Haya, tuje kwenye vibanda vya wauza visu mjini Uvira. Visu vya kuiga vya Uswisi, vyenye kijiko, uma na mkasi, vinawavutia vijana kwa wingi wa vyuma. Shika bapa kubwa ulitikise: linayumba kwenye ribiti, na springi hairudi kwa mlio. Ukipasua samaki wachache aina ya mukeke, makali yamekwisha. Cha Uswisi halisi kinakata vizuri, ila mafuta ya samaki yanaganda kati ya mabapa, na vile vya kawaida havina kitasa, hivyo bapa linaweza kukufungia vidole. Okapi inastahimili samaki na mua wa Kiliba, mradi usiigeuze bisibisi, ncha itavunjika.

Kwa hiyo mvuvi na mkulima wa Runingu, bapa moja lenye kitasa linawatosha. Fundi wa baiskeli au redio atafute chenye vifaa vinne, hata kama kimetumika, mradi ni halisi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akukunjulie kila kifaa mbele yako. Akikataa, rudisha franga zako mfukoni.