Sufuria Iliyozaa, na Kazi ya Kuchekesha kwa Kalamu

Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Aliporudisha, ndani yake mlikuwa na kisufuria. Jirani akauliza hiki cha nani, akajibiwa kwamba sufuria yake ilikuwa na mimba na imejifungua salama. Jirani akashukuru, akapokea vyote viwili. Baadaye Abunuwasi akaazima tena, na safari hii hakurudisha. Alipofuatwa akajibu kwa masikitiko kwamba sufuria imekufa. Wakafikishana kwa kadhi, naye kadhi akamwuliza jirani swali moja tu: ulipoambiwa imezaa, ulisema nini?

Hekaya hii ina pasipoti nyingi. Waturuki humpa Nasreddin Hoca, na Abunuwasi wetu mwenyewe amepewa jina la Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa enzi za Harun al-Rashid. Mimi huitumia kuwafundishia watu wanaotaka kuandika vichekesho. Nawaambia: iandike kama tamthilia, kisha kama safu ya gazeti, kisha kama shairi. Wengi hudhani kazi ni kubadili umbo tu. Wakifika katikati hugundua kwamba kichekesho kimefia njiani.

Sababu ni kwamba hawakujua kilikuwa wapi. Kinachochekesha hapa si kifo cha sufuria, ni jirani kukubali uzazi wake. Alijua sufuria haizai, lakini tamaa ilimziba mdomo. Kichekesho kina nukta mbili: pale mtu anapokubali jambo asilopaswa kulikubali, na pale anapodaiwa gharama yake. Kila utanzu hupanga kwa namna yake umbali kati ya nukta hizo, na katika kila utanzu kuna mtu mwingine anayeshika saa.

Kwenye hadithi ya mdomo saa anayo msimuliaji. Anaona nyuso, anajua lini atulie, na wasikilizaji wakichelewa kuelewa anarudia neno "imejifungua" kwa sauti ya mkunga. Ukiyaandika maneno yake neno kwa neno, unapata karatasi isiyochekesha, maana nusu ya kazi ilifanywa na koo na macho. Mzee Ojwang wa kipindi cha televisheni cha Vitimbi, ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu aliyewavunja Wakenya mbavu kwa miaka mingi akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Jaribu kuiandika lafudhi hiyo kwa kurasa kumi uone. Msomaji huanza kutafsiri tahajia badala ya kucheka, na baada ya ukurasa wa pili huona anayechekwa ni Mjaluo, si Ojwang.

Kwenye tamthilia saa anayo mwigizaji, na kazi ya mwandishi ni kumwachia nafasi. Wanafunzi wangu humpa jirani hotuba: "Ala! Sufuria kuzaa? Haya, kama imezaa basi nitachukua." Hotuba hiyo inaua. Andika katika maelekezo ya jukwaani kwamba jirani anakitazama kisufuria, anatazama kushoto, anatazama kulia, kisha anakifunika kwa kanga. Asiseme kitu. Ukumbi utacheka kwa sababu umemkamata kabla yeye hajajua kwamba amekamatwa.

Tamthilia ina mtaji mwingine ambao hadithi haina, yaani vitu vinavyoonekana. Euphrase Kezilahabi alipotaka kusema kwamba nadharia iliyoshonwa kwingine haikutukaa vizuri, hakuandika hotuba ya uchumi. Alileta vazi, na tamthilia yenyewe ikaitwa Kaptula la Marx. Kaptula pana ni hoja inayotembea jukwaani dakika zote, hata mvaaji anapozungumzia mambo mengine. Naye Farouk Topan katika Aliyeonja Pepo, iliyotoka mwaka 1973, anamfikisha mvuvi mbinguni kwa makosa ya kiofisi na kuionyesha pepo ikiendeshwa kwa urasimu tunaoujua. Mfaransa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba tunacheka tunapomwona binadamu hai akijiendesha kama mashine. Karani anafaa kuliko wote kwa jambo hilo, na karani mwenye mabawa anafaa zaidi. Angalia lakini kwamba mambo hayo huchekesha vizuri pale tu wahusika wenyewe wanapoyachukulia kwa uzito. Malaika akianza kutania, mchezo umekwisha.

Safu ya gazeti ndiyo inayowashinda wengi, na hapa nitakaa kidogo. Swali la kwanza si "nichekeshe vipi" bali "nani anasimulia". Mpe Abunuwasi kalamu, atakuandikia majivuno: nilimpata yule mlafi, hivi ndivyo nilivyompata. Hakuna anayecheka pamoja na mshindi. Mpe jirani kalamu, na sentensi ya kwanza inajileta: "Nataka ieleweke kwamba sikuwahi kuamini sufuria inazaa, nilichofanya ni kuheshimu maelezo ya jirani." Mtu anayejitetea bila kuulizwa ni hazina ya safu.

Bingwa wa mbinu hii Afrika Mashariki alikuwa Wahome Mutahi wa Kenya. Aliandika kwa Kiingereza, lakini ufundi wake hauna lugha. Msimulizi wake Whispers alikuwa mlevi mwenye maneno mengi, anayemwogopa mkewe aliyempachika jina la Thatcher. Safu hiyo ilidumu hadi mwandishi alipofariki mwaka 2003. Mutahi alifungwa mwaka 1986 wakati wa msako wa kundi la siri la Mwakenya, na kutokana na kipindi hicho aliandika riwaya ya mateso, Three Days on the Cross, mwaka 1991, ambayo haina utani wa Whispers hata kidogo. Alishiriki pia katika tamthilia za Kikuyu zilizochezwa kwenye mabaa, zikiwakejeli wakubwa mbele ya watu wenye glasi mkononi. Ni mtu yuleyule na hasira ileile, lakini kila mlango aliuingia kwa mwendo wake. Gazetini Jumapili, baba wa familia anamcheka baba wa familia aliye mjinga kuliko yeye kidogo tu, na serikali inapita nyuma yao kama upepo.

Kwa nini mwandishi ajiweke chini? Kwa sababu hana leseni. Tanzania tunajua habari za leseni ya kucheka kupitia utani. Mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu, akazuia kaburi hadi alipwe, na wafiwa wakacheka huku wakifuta machozi. Asiye mtani akijaribu hivyo atapigwa. Msomaji wa gazeti si mtani wako. Hamjuani, hakusikii sauti, na anaweza kuwa mfiwa. Ukianza kwa kujicheka mwenyewe unakuwa umelipa kiingilio. Hapa niseme wazi kwamba nimechoka na wachekeshaji wetu wanaoanzia kwenye unene wa mtu au mwanamume aliyevaa gauni. Wanatumia leseni ambayo hawakuomba.

Kibonzo hakina muda wa nukta mbili, kwa hiyo huchora ya pili na kumwachia mtazamaji aibuni ya kwanza. Mchore jirani akitoka mahakamani na kisufuria kwapani, basi. Mchoraji vibonzo Masoud Kipanya aliongeza ujanja mwingine, yaani yule panya mdogo pembeni anayesema lake wakati wakubwa wanasema yao.

Shairi nalo limepewa chombo ambacho nathari inakionea wivu: kibwagizo. Mshororo wenye mizani 16 unaorudi kila ubeti unaweza kubadilika maana bila kubadilika maneno. Tuseme ni huu: "Sufuria ya jirani, imefariki jioni." Ubeti wa kwanza ni habari, wa pili ni rambirambi, wa tatu ni kisingizio, wa nne ni dhihaka. Kisha katika ubeti wa mwisho geuza herufi moja tu, iwe "amefariki". Sufuria imehamia ngeli ya watu, mizani haijaguswa, na msikilizaji aliyezoea mdundo atashtuka pale pale. Kiswahili kimetupa mzaha ndani ya viambishi, nasi tunauacha tukikimbilia matusi.

Kiambishi hicho kinafanya kazi hata zaidi ukikitia ndani ya umbo lenye heshima zake. Waliokua na redio ya taifa wanakumbuka matangazo ya vifo. Andika hivi: "Bwana Abunuwasi anasikitika kutangaza kifo cha sufuria wa jirani yake, kilichotokea ghafla jikoni. Marehemu ameacha kisufuria mmoja na kifuniko. Habari ziwafikie mwiko, kinu na mchi popote walipo." Hapa hakuna neno la kuchekesha hata moja. Kila kitu kimekopwa kwenye tanzia halisi, na sheria ni kutolegeza sura hata mara moja. Ukiongeza "hahaha" au alama tatu za mshangao, umemgutusha aliyekuwa anaota.

Makala mazito yanahitaji mkono mwepesi zaidi. Mwandishi anayeeleza kisukari au kodi ya ardhi hachekeshi ili asifiwe, bali ili msomaji afike aya inayofuata. Mahali pa mzaha ni baada ya takwimu, pale jicho linapochoka, wala si kwenye sentensi yenye maelekezo ya dawa, maana msomaji akicheka hapo huenda asikumbuke ni vidonge vingapi. Mlengwa awe tabia, wala si mgonjwa: kwa mfano, yule anayekunywa chai isiyo na sukari kwa ushujaa mkubwa, akisindikiza na maandazi manne. Mzaha mmoja wa namna hiyo unatosha kwa ukurasa. Ukija wa pili, mhariri mwenye akili ataukata hata kama ameucheka, kisha atamrudishia mwandishi makala aeleze vizuri kipimo cha sukari.